Bwana Afya na Gemu ya Maziwa

Nimewahi kuumizwa na watu wakali, na wengi wao nimewasamehe. Huyu ninayetaka kumweleza hakuwa mkali, angalau si kwetu. Alikuwa na adabu kuliko mtu yeyote wa serikali aliyewahi kukanyaga kijiji chetu cha Kulamawe, na alituumiza kwa adabu hiyo hiyo. Ndiyo maana mpaka leo sijui nimsameheje.

Tulimwita Bwana Afya, kama anavyoitwa kila afisa wa afya ya umma katika nchi hii, yule wa kukagua vyoo, bucha na vibanda vya chakula. Jina lake nalijua. Nimeliona chini ya fomu nyingi, kando ya sahihi yenye mkia mrefu. Silitaji. Alizaliwa wapi na ni wa nani, hayo ni ya watu wake. Mimi namjua kuanzia pale alipovua viatu mlangoni kwetu.

Hakuna aliyemwambia avue. Mkeka wetu ulikuwa mkuukuu, na maofisa waliomtangulia waliukanyaga na buti zao zenye vumbi la barabara. Yeye aliinama, akafungua kamba polepole, akavipanga viatu pembeni mtu asijikwae. Alikuwa Mkristo, mtu wa upande wa Meru, lakini akiingia nyumba ya Waislamu alitoa "Salaam aleikum" kabla hajaonekana uso. Kwa wazee aliongeza Kiborana chake kidogo, "Nagaa?", yaani mna amani?, halafu akauliza habari ya ngamia kabla ya kuuliza habari ya watoto. Mama yangu alimpenda siku hiyo hiyo. "Huyu amelelewa," alisema. Nami nilikubali. Naliandika hilo nikiona haya.

Mjini Isiolo alikuwa mtu mwingine kabisa. Huko alitembea na kitabu cha faini, na kofia yake ya kaki ikionekana kwenye kona, akina mama wa githeri walifunika sufuria zao. Siku moja nilimwona kwa macho yangu akimwaga maziwa ya ngamia sokoni. Yalikuwa yametoka kwetu alfajiri, kwenye jerikeni za manjano, na mwenye kuyauza hakuwa na kibali. Mama wa watu alishika mpini wa jerikeni, akasihi, akataja watoto. Bwana Afya aliyamwaga mpaka tone la mwisho, kisha akamrudishia jerikeni tupu na kumwambia pole. "Sheria haina shangazi," alisema. Alilipenda sana neno hilo.

Wiki hiyo hiyo alikuja Kulamawe, akaketi mkekani, akapewa kikombe cha maziwa mabichi ya ngamia, akakimaliza.

Nilimuuliza. Wakati huo nilikuwa bado nauliza. Nilimwambia, "Bwana Afya, haya si ni yale yale uliyomwaga?" Akafuta povu kwenye masharubu kwa kitambaa chake kilichokunjwa vizuri. "Dada Habiba," alisema, "kule soko mimi ni sheria. Hapa mimi ni mgeni." Tena alitabasamu, kama mtu aliyejibu mtihani vizuri. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulipata mgeni wa kwenda kinyume.

Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Nilikuwa na fulana, begi la mgongoni na daftari, basi. Kazi yangu ilikuwa kupita manyumbani nikihimiza mambo yale yale: nawa mikono, peleka mtoto chanjo, chemsha maziwa. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Ng'ombe hana shida, maziwa yake huchemshwa kila siku kwa sababu ya chai. Lakini maziwa ya ngamia kwetu hayawekwi motoni. Hukamuliwa, hutiwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, hunywewa. Wazee husema ukiyachemsha ngamia mwenyewe atakauka. Na brusela, ule ugonjwa wa homa isiyoisha na viungo kuuma, unaovunja watu mgongo na kuharibu mimba, hukaa humo humo kwenye maziwa mabichi. Nilikuwa nayasema hayo mpaka koo linakauka. Walinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Ndipo Bwana Afya akaleta gemu.

Alileta tableti kadhaa kwenye sanduku la chuma, na bamba la sola la kuzichajia. Zilitoka kwa watu wa chuo fulani cha ng'ambo waliokuwa wakifanya utafiti: je, mtu asiyejua kusoma anaweza kujifunza afya kwa kucheza? Alinichagua mimi niwe wa kutafsiri. Gemu yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Kulikuwa na mama mwenye gauni la buluu, nyumba ya mabati na ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe. Unagusa kiwele, maziwa yanajaa. Unayavuta kwa kidole mpaka kwenye sufuria, sufuria mpaka jikoni, unangoja mapovu. Ukiwahi kumpa mtoto kabla ya mapovu, mtoto anageuka rangi ya kijani, analala chini, na muziki wa huzuni unalia. Ukingoja, mtoto anaruka juu na nyota zinamwagika. Kila unapogusa, tableti inaandika, na ikipata mtandao inawatumia wenye gemu.

Bwana Afya aliipenda gemu ile kwa moyo wote. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji mbovu, vidole vyake vinene vilimuua mtoto mara tatu mfululizo, na akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka. "Kidole kikijua, kichwa kitafuata," alituambia, na akalirudia neno hilo kila alipofika, hata kwa chifu, hata msikitini alipoombwa kusema mawili matatu baada ya swala. Neno jingine alilolipenda ni "Adabu ni chanjo." Maana yake, ukiingia kwa watu kwa heshima, kila kitu utakachowapa kitaingia.

Kweli kiliingia. Kiliingia vile kilivyokuwa.

Wiki ya pili akina mama waliniuliza ngamia yuko wapi. Waliuliza kwa mzaha, kwamba huyu mama wa gauni la buluu ni maskini gani asiye na ngamia hata mmoja. Mimi sikucheka. Nilimpelekea Bwana Afya neno hilo, nikamwambia hapa watu wanakunywa ngamia, waombe wenye gemu watie ngamia. Aliandika kwenye daftari lake. Baada ya mwezi alileta jibu: haiwezekani, kwa sababu gemu hiyo hiyo inachezwa sehemu nyingine, na utafiti ukibadilishwa katikati unaharibika.

"Basi wewe uwaambie kwa mdomo," nilisema.

"Maziwa ni maziwa, dada Habiba. Wataelewa."

Hapo lazima niseme habari ya dada yangu Talaso, maana bila yeye ningekuwa nimeshamsahau mtu huyu.

Talaso ni mkubwa wangu. Hakusoma hata siku moja, lakini vidole vyake vimesuka vyombo vya maziwa na mikeka tangu utoto, na mbele ya tableti hapakuwa na wa kumshinda Kulamawe nzima. Alimaliza viwango vyote. Alirudi akaanza tena. Wengine walipokwama walimwita, "Talaso, njoo uponye hii mtoto." Bwana Afya alimpiga picha akiwa ameinua tableti juu ya kichwa, na nikaja kuiona picha hiyo imebandikwa ofisini kwake mjini, kubwa kama kalenda.

Kila gemu ilipoisha, Talaso ndiye aliyempa mgeni maziwa. Alistahili, alikuwa bingwa. Alimimina kutoka kwenye kibuyu hadi kwenye kikombe cha bati chenye maua, akakishika kwa mikono miwili kama desturi ilivyo, akainama kidogo. Bwana Afya alikipokea kwa mikono miwili vile vile. Akina mama wote walitazama koo lake likipanda na kushuka. Mwenye macho haambiwi tazama. Asubuhi gemu imesema maziwa mabichi ni ugonjwa, adhuhuri mwenye gemu anayanywa. Wewe ungeelewa nini? Walielewa kwamba ugonjwa ni wa ng'ombe, na ngamia hana neno.

Nami nilikuwepo. Ni mimi niliyemleta nyumbani kwa Talaso mara ya kwanza. Ningeweza kukipokonya kile kikombe. Niliona aibu kumwaibisha mkubwa mbele za watu, nikatazama mkeka.

Utafiti ulipomalizika, palikuwa na mkutano kwenye hoteli mjini, na ripoti ikasomwa. Kulamawe ilisifiwa. Akina mama wetu walikuwa wamejibu vizuri karibu kila swali. Bwana Afya alisimama na suti ambayo sijamwona nayo tena, akawashukuru akina mama wa Kulamawe kwa ukarimu wao, akapigiwa makofi, akapewa cheti chenye fremu. Nilipiga makofi pia. Chakula kilikuwa kizuri.

Miezi michache baadaye Talaso alianza homa. Inakuja jioni, inaondoka asubuhi, inarudi. Viungo vikamuuma, mgongo ukawa kama umepigwa kwa mchi. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulipomfikisha hospitali mjini, mtoto alikuwa tayari ameacha kucheza. Alikuwa wa kiume. Tulimzika huko huko mjini, kwenye ardhi tusiyoijua.

Daktari alisema ni brusela, akamuuliza, nami nikitafsiri: "Nyumbani mnachemsha maziwa?"

Talaso alijibu bila kufikiri. "Tunachemsha. Tunakamua, tunamwaga kwa sufuria, tunangoja mapovu."

Daktari alinitazama kwa kuridhika. "Hawa wamefundishwa," akasema, akaandika.

Nilingoja tufike kwenye benchi la nje. Nikamuuliza, "Talaso, na ya ngamia?"

Aliniangalia kama mtu aliyechoka kuulizwa upuuzi. "Ngamia? Nani anachemsha ngamia? Gemu ilisema ng'ombe." Kisha akasema, "Na Bwana Afya si anakunywa?"

Nilimchukia mtu yule pale kwenye benchi. Nimeambiwa chuki ni dhambi, na ninaamini hivyo. Lakini kulikuwa na mtoto mchangani na cheti ukutani, na mtu yule yule alikuwa katikati ya vyote viwili.

Wanaomtetea, nao wapo, hunikumbusha tangi la shule. Maji ya tangi yalipooza na watoto wakaanza kuharisha, hakungoja bajeti. Alivua shati, akaingia ndani ya tangi lile na burashi, akalisugua tangu asubuhi hadi saa tisa, na alipotoka alikuwa amepakwa matope hadi kwenye nyusi. Ni kweli. Nilikuwepo, nilimshikia ngazi. Kumbe alikuwa na ujasiri wa kuingia kwenye giza la tangi bovu, na hakuwa na ujasiri wa kusema "asante, sinywi." Hilo ndilo linalonichoma. Mwoga kamili ningemwonea huruma.

Talaso alikunywa dawa, akapona kiasi, akarudi nyumbani, akarudi kwenye maziwa. Mwaka huu amepata mimba tena, baada ya miaka ya kungoja. Nilimwendea na maneno yangu yote. Nililia mbele yake, mimi ambaye silii. Akaniambia, "Habiba, wewe unasema na mdomo tu. Yule mzee alikunywa hapa, kwa kikombe yangu, miaka na miaka. Mbona hakukufa?"

Nikaona hapo hakuna njia nyingine. Nikafunga safari kwenda kumtafuta.

Alikuwa amestaafu. Nilielekezwa nyumba yake, upande wa juu wa mji, geti la kijani. Nilimkuta uani ameketi kwenye kiti cha plastiki, ile kofia ya kaki kichwani. Aliponiona alijaribu kusimama, kwa sababu ni mtu wa kusimama kwa wageni, na nikaona kusimama kwenyewe ni kazi. Alishika fimbo, akauma meno, akainuka nusu.

"Salaam aleikum, dada Habiba."

Nilimwitikia, kwa sababu salamu ni ya Mungu, si yake.

"Ngamia wazima?"

"Ngamia wazima," nikasema. "Ni watu wana shida. Huo mgongo umekuwaje?"

Alitazama geti. "Ni hiyo brusela. Nilipimwa nikiwa bado kazini."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kazini lini?"

"Kabla ya ule mkutano wa hoteli. Mwezi mmoja hivi."

Nilihesabu kichwani. Wakati ule Talaso alikuwa mzima. "Na ukanyamaza."

"Ningesema nini, dada? Niende niwaambie watu wa Kulamawe maziwa yenu imenivunja? Watu walinipokea vile? Ni kukosa adabu."

"Uliogopa gemu yako itaaibika."

Alizungusha fimbo mchangani, akachora duara, akalifuta kwa kiatu. Nikamweleza habari ya Talaso, ya mtoto wa kwanza na ya huyu wa sasa, bila kumpunguzia neno. Kisha nikamwambia nimekuja kumchukua, twende akakikatae kile kikombe mbele ya Talaso. Nilitaka akatae kuja ili nipate kumtukana vizuri. Alikubali mara moja, akaomba tu dakika za kubadilisha shati.

Kwenye gari la kwenda Kulamawe nilikaa mbele, nikamwacha nyuma kabisa ambako mashimo yote ya barabara hupitia. Nilisikia akiguna. Sikugeuka.

Talaso alikuwa mlangoni na majirani wawili, tumbo lake la miezi sita mbele. Alipomwona alifurahi, na furaha ile ilinikera. Bwana Afya alivua viatu, ilimchukua muda, akaketi. Kabla sijasema lolote Talaso alikuwa ameshamimina. Kikombe kile kile cha maua. Mikono miwili.

Bwana Afya alikipokea kwa mikono miwili. Akakishika. Nilimwona akikitazama, na koo lake likapanda, nikasema moyoni, atakunywa. Wallahi mtu huyu atakunywa.

"Talaso," alisema, "nisamehe. Hii naomba uweke kwa moto kwanza."

Talaso alidhani ni mzaha. "Ni ya ngamia hii."

"Najua."

"Ukichemsha, ngamia inakauka."

"Mgongo yangu unaiona? Siwezi kuinama, siwezi kubeba hata maji. Ni hiyo kikombe, Talaso. Si ya leo. Ni zote zile."

Dada yangu alinitazama, akamtazama, akatazama fimbo. Kisha alichukua kikombe, akaenda jikoni, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile maziwa ya ngamia yakaingia kwenye sufuria. Tulimfuata sote. Alichuchumaa akiyaangalia kwa umakini ule ule alioiangalia nao tableti. "Mapovu," alisema kwa sauti ndogo. Akaepua.

Bwana Afya alikunywa kwanza. Uso ulimkunjika, maana ladha yake hata mimi siisifii. "Tamu," akasema.

"Muongo!" Jirani mmoja alicheka. Talaso hakucheka. Alimimina yake, akapuliza, akanywa, mkono mwingine tumboni.

Ilikuwa imekwisha. Hapakuwa na tableti, wala nyota, wala wenye gemu. Kazi yote ilikuwa ya muda wa maziwa kuchemka, na angeweza kuifanya siku yoyote katika miaka ile, akiwa ameketi papo hapo. Nilitamani kumpiga. Nilikuwa nimekuja na matusi yangu tayari, na sasa sikuona hata pa kuyaanzia, kwa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa rahisi.

Talaso aliweka sufuria chini. "Kwa nini hukuniambia wakati ile?" alimuuliza. "Wakati ya mtoto wangu wa kwanza."

Bwana Afya alikuwa bado ameshika kikombe cha maua. Alifikiri, na nadhani alisema kweli.

"Ulikuwa unanipa kwa mikono mbili."

Talaso akanyoosha mkono mmoja, akachukua kikombe chake cha maua.